Setilaiti Haioni Gari Lako!

Wadau, nimechoka kusikia vijiweni eti dereva "anaonwa na setilaiti". Haioni kitu! Ngoja niwaeleze, maana jambo hili nusura limtoe mjomba wangu kazini.

Ndani ya gari, mara nyingi nyuma ya dashibodi, kunafichwa kisanduku kidogo kama pakiti ya sigara. Kina kipokezi cha GPS na laini ya simu, kama hiyo ya kwako. Setilaiti za GPS ziko juu kama kilometa 20,200, na kazi yake ni kutangaza tu: mimi ni fulani, niko hapa, saa yangu inasema hivi. Kama redio, haijui nani anasikiliza. Kisanduku kinapima tangazo limechukua muda gani kufika (haizidi hata moja ya kumi ya sekunde), kinapata umbali. Kikisikia setilaiti nne, kinajua kilipo. Tatu zingetosha, ila saa ya kisanduku ni ya bei poa, hivyo ya nne inasaidia kuirekebisha.

Hapo gari limejijua, bosi bado. Sasa laini inatuma mahali, mwendo, saa na kama injini imewashwa, kupitia minara ya simu mpaka kompyuta ya ofisini. Salio la laini likiisha, bosi anabaki kukodolea macho nukta iliyoganda.

Ndiyo yaliyomkuta mjomba. Lori lilimharibikia bondeni njia ya Tunduma, mtandao hakuna. Ofisini wakaona nukta imeganda masaa manne, halafu ghafla imerukia mbele. Bosi akaja juu: umechomoa waya, umeuza mafuta! Mzee wa watu alijitetea wee, wapi.

Aliyemwokoa ni kijana wa kompyuta. Yeye alifungua ripoti, siyo ramani. Kisanduku kizuri kikikosa mtandao kinaendelea kuandika, kisha kinatuma yote mtandao ukirudi. Kila nukta ilikuja na saa yake: lori limesimama palepale, injini imezimwa. Waya ungechomolewa ingejulikana, maana kisanduku kina kibetri chake na kingeandika umeme ulikatika saa ngapi. Na mafuta? GPS haijui habari za mafuta. Bahati nzuri tangi lilikuwa na kipimo chake, nacho hakikushuka.

Mabasi ya mikoani nayo yamo. Mfumo wa LATRA, ulioanza enzi za SUMATRA kabla ya 2019, unanasa basi likizidisha kilometa 80 kwa saa, na dereva ana kitufe chake cha kujitambulisha ili ijulikane nani alishika usukani. Kwa abiria hilo ni jambo la maana sana, kuliko kupiga kelele "dereva punguza mwendo" halafu konda anakutukana.

Mjomba bado yuko barabarani. Bosi hajamwomba radhi mpaka leo, lakini siku hizi nukta ikiganda anapiga simu kwanza.