Nafasi kati ya viti vya ndege
Nafasi kati ya viti vya ndege ni umbali unaopimwa kutoka sehemu moja ya kiti hadi sehemu ileile ya kiti cha mbele yake. Katika daraja la kawaida la safari ndefu, mara nyingi ni sentimita 79 hadi 81. Kipimo hiki hujumuisha unene wa mgongo wa kiti, hivyo ndege mbili zenye kipimo kilekile zinaweza kutofautiana kwa nafasi ya magoti.

Abiria akikaa saa nyingi bila kusogeza miguu, damu inaweza kuganda katika mishipa yake. Ndiyo sababu hushauriwa kuinuka na kutembea mara kwa mara.

Mwaka 2018 Bunge la Marekani liliagiza mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo kuweka vipimo vya chini vya viti kwa usalama wa abiria.