Trela la mtumba: breki na karatasi kwanza, bei baadaye

GISENYI – Mpaka wa Rwanda na Kongo katika mji huu una milango miwili inayojulikana na kila mfanyabiashara. Petite Barrière ni ya waendao kwa miguu, wenye mabeseni ya nyanya, unga na samaki. Grande Barrière, ambayo wengi huiita La Corniche, iko karibu na ufuko wa Ziwa Kivu, nayo ni njia ya magari.

Wapo wafanyabiashara ambao mzigo wao haubebeki kichwani wala kwenye chukudu. Ni gari dogo lisilowaka linalopelekwa kwa fundi, injini nzima iliyonunuliwa kwa ajili ya vipuri, jenereta, mashine ya kusaga, au bajaji mbili zinazokwenda kwa mteja. Mzigo wa namna hiyo ni mkubwa kwa pikapu na ni mdogo kwa lori. Anayekodi lori kila mara huona faida yake ikiishia kwa mwenye lori. Hapo ndipo wazo la kununua trela la wazi, la kuvutwa na pikapu, huanza kumjia mtu. Na kwa kuwa jipya ni ghali, wengi hutafuta lililotumika.

Trela la mtumba likichaguliwa vizuri hujilipa. Likichaguliwa vibaya, humaliza mtaji kwa safari moja. Kwa anayeelekea Grande Barrière, lina mitihani miwili ya kupita: mteremko wa kuingia Gisenyi na dirisha la forodha. Rangi nzuri na bei ya chini havisaidii katika mtihani wowote kati ya hiyo miwili.

Mteremko unavyopima trela

Kutoka Kigali hadi Rubavu ni karibu kilomita 155. Mji wa Musanze uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Baada ya hapo barabara huendelea kupanda kupitia Mukamira na Bigogwe, kisha huteremka hadi Ziwa Kivu, ambalo maji yake yako karibu mita 1,460. Katika mteremko huo wa mwisho kumetokea ajali za malori yaliyokatikiwa breki, na wenyeji wa Rubavu wanazikumbuka.

Trela likiwa tambarare hufuata tu. Likiwa mteremkoni husukuma. Kama halina breki zake, uzito wake wote huangukia breki za gari linalovuta. Hizo hupata moto, na mwishowe dereva hukanyaga pedali ikazama bila gari kupunguza mwendo. Ndiyo maana watengenezaji wa pikapu nyingi huruhusu trela lisilo na breki lisizidi kilo 750, mzigo ukiwa ndani yake. Pikapu hizo hizo huweza kuruhusiwa kuvuta kilo 2,500 au hata 3,500 ikiwa trela lina breki. Kiwango cha kila gari kimeandikwa kwenye kitabu chake, na mnunuzi anapaswa kukisoma kabla ya kwenda kuangalia trela lolote.

Hesabu yenyewe si ngumu. Trela la kubebea gari dogo, likiwa tupu, mara nyingi huwa na kilo 500 hadi 700. Toyota Corolla ya miaka ya 2000 ina kilo 1,100 hivi, na RAV4 inaweza kufika 1,500. Kwa hiyo hata Corolla peke yake juu ya trela hupita mbali kile kiwango cha kilo 750. Asiyepata trela lenye breki, basi asibebe gari.

Kwenye fremu ya trela huwa kuna kibao cha chuma kinachoonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa, trela na mzigo kwa pamoja. Mnunuzi atoe hapo uzito wa trela tupu. Trela lililoandikwa kilo 2,000 na lenye uzito wa kilo 600 linabaki na nafasi ya kilo 1,400. Corolla itapanda. RAV4 ya kilo 1,500 itaenea vizuri juu ya sakafu, lakini itakuwa imezidisha. Kibao kikiwa kimeng'olewa, mnunuzi hana cha kuhesabia, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kutafuta trela lingine.

Swali la ekseli moja au mbili hujibiwa na hesabu hiyo hiyo. Trela la ekseli moja ni jepesi, lina tairi chache za kununua, na watu wawili huligeuza kwa mikono uani. Linafaa kwa jenereta na mashine. Kwa gari, ekseli mbili ni salama zaidi, kwa kuwa hutulia barabarani, na tairi moja ikipasuka trela halianguki upande.

Ukaguzi wa chini ya trela

Fundi mzuri hukagua trela akiwa amelala chini yake. Huanza pale mkono wa kuvutia unapoungana na fremu, kwa kuwa hapo ndipo chuma huchoka kwanza. Ufa mdogo, au rangi mpya iliyopakwa mahali pamoja tu juu ya alama ya kuchomelea, humwambia kwamba trela lilikwisha kupasuka. Matrela yaliyotoka Ulaya yana jambo lake la ziada: huko barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chuma cha bomba huliwa na kutu kutoka ndani. Kwa nje kinang'aa, lakini kikigongwa kwa nyundo hutoa sauti butu.

Kichwa cha kuungia kinafuata. Tufe la chuma linalotumika zaidi nyuma ya pikapu lina kipenyo cha milimita 50. Yapo pia matufe ya vipimo vya Kimarekani, na moja kati ya hayo lina milimita 47.6. Kichwa cha 50 kitafungika juu ya tufe hilo, na jicho halitaona tofauti. Lakini kwenye shimo la kwanza kubwa kinaweza kuruka. Mnunuzi apime yote mawili, tufe la gari lake na kichwa cha trela.

Kisha jeki. Kila gurudumu linyanyuliwe na kuzungushwa kwa mkono. Likitoa mkwaruzo kama mchanga, beringi imekwisha. Likishikwa juu na chini na kucheza, beringi imelegea. Baada ya kulivuta trela kilomita 10 au 15, mtu aguse katikati ya kila gurudumu: vuguvugu ni kawaida, moto wa kuunguza ni dalili mbaya.

Breki za matrela mengi ya kuvutwa na pikapu hufanya kazi kwa msukumo: gari likipunguza mwendo, mkono wa trela hurudi ndani na kubana breki. Ukisukumwa ukiwa umesimama, unapaswa kuingia kwa ukinzani na kurudi polepole. Ukiingia kwa kishindo, au ukikataa kabisa kusogea, breki hizo hazifanyi kazi. Breki ya mkono ikivutwa, trela lisisogee hata likisukumwa na watu wawili. Uwepo pia waya mwembamba wa usalama, ambao huvuta breki endapo trela litachomoka.

Kwenye tairi, kina cha meno hakitoshi kumpa mtu moyo. Matrela hukaa muda mrefu bila kutembea, na mpira huzeeka ukiwa bado na meno. Tarakimu nne za mwisho ubavuni hutaja wiki na mwaka: 1416 ni wiki ya 14 ya mwaka 2016. Nyufa ndogo ubavuni husema hadithi hiyo hiyo. Kwa anayevuka kwenda Goma, ubavu wa tairi ndio wa kuangaliwa zaidi. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, lava ilipita katikati ya mji, na mitaa mingi leo ina mawe yake makali yanayokata mpira. Tairi ya akiba ya kipimo kilekile ni ya lazima.

Mwisho ni futi ya kupimia na waya za taa. Upana kati ya mabawa ya magurudumu upimwe, ulinganishwe na upana wa gari litakalobebwa. Mteremko wa njia za kupandishia nao ukaguliwe, maana gari la chini, kama yale ya mashindano, hukwaruza tumbo kwenye njia fupi. Taa ziunganishwe na gari la mnunuzi mwenyewe, si la muuzaji, kwa sababu soketi na mpangilio wa waya hutofautiana.

Kupanga mzigo

Wasukuma chukudu wa Goma wanajua kwamba mzigo uliopangwa vibaya humshinda hata mwenye nguvu. Kwenye trela, uzito uzidi kidogo mbele ya ekseli, kiasi kwamba karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote ikae juu ya tufe la gari. Uzito ukirundikwa nyuma, trela huanza kuyumba kama mkia mwendo unapoongezeka, na mteremkoni ni vigumu kulituliza. Gari lifungwe kwa mikanda minne ya kukazwa, kila kona mmoja. Baada ya kilomita chache dereva asimame na kuikaza tena.

Karatasi za dirishani

Kwa forodha na polisi, trela ni chombo kinachojitegemea. Lina nambari yake ya usajili, tofauti na ya pikapu. Za Kenya, kwa mfano, huanza na herufi Z. Nambari iliyogongwa kwenye fremu lazima ilingane na ile ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Njia rahisi ni kuweka karatasi juu yake na kupitisha penseli, kisha kulinganisha. Nambari iliyosagwa au kugongwa upya inaweza kuwa ya trela la wizi.

Majina ya kadi huchanganya watu. Nchini Rwanda, carte jaune ni kadi ya usajili wa chombo. Kadi ya Njano ya COMESA ni kitu kingine: ni bima ya kuvukia mpaka, nayo hutumika Rwanda na Kongo. Upande wa Kongo, kadi ya usajili ni carte rose. Mnunuzi aulize kampuni yake ya bima kama trela limetajwa kwenye bima ya gari linalovuta.

Trela lenye nambari ya kigeni lililoingia kwa kibali cha muda bado linadaiwa ushuru endapo litauzwa ndani ya nchi, na deni hilo humfuata aliye nalo. Kwa trela la Rwanda, ni busara fedha za mwisho zilipwe wakati wa kubadilisha jina la mmiliki katika Mamlaka ya Mapato, RRA, muuzaji akiwepo. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini hilo halikuondoa kazi ya forodha yake, DGDA. Na gari bovu lililobebwa juu ya trela bado ni gari: linahitaji karatasi zake lenyewe.

Kasoro nyingi zinaweza kutengenezwa, na gharama yake ikatolewa kwenye bei: tairi, beringi, taa, mbao za sakafu. Tatu hazifai kujadiliwa: fremu iliyopasuka, breki zisizoweza kurekebishwa, na nambari isiyolingana na kadi. Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe kulivuta trela likiwa na mzigo kwenye mteremko mfupi, fundi wake akiwa pembeni. Muuzaji akikataa jaribio hilo, mnunuzi aondoke na fedha zake.