Ndege ni Alfajiri: Ulale Eastleigh au Kando ya Uwanja?

Anayetoka Garissa kwenda kupanda ndege Nairobi, iwe ya umra kupitia JKIA au ya Mandera kutoka Wilson, ajipangie usiku mmoja mjini. Njia ni karibu kilomita 370 na ina vizuizi vya polisi. Mwaka 2023 na tena 2024, mafuriko ya Mto Tana yalikata barabara upande wa Madogo, abiria wakakwama. Ukikosa ndege ya nje, hasara yake inazidi kodi ya chumba chochote.

Wazee watakuelekeza Garissa Lodge, Eastleigh. Kitanda hutakipata. Palikuwa lojing'i kweli, lakini baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991, wakimbizi wa Kisomali walipanga vyumba vyake wakawa wanauza nguo humo mchana na kulala humo usiku. Biashara ikashinda malazi, jengo likageuka kuwa la maduka pekee, na mtaa mzima ukaiga. Hata uwanja wa ndege ulikuwa hapo hapo Eastleigh hadi 1958, ndege za abiria zilipohamia Embakasi. Sasa ni kambi ya jeshi la anga.

Faida iliyobaki kwa msafiri ni kwamba mabasi ya Garissa yanashusha watu Eastleigh. Lojing'i ziko hatua chache kutoka stendi, msikiti uko karibu, na chakula cha nyumbani kinapatikana hadi usiku. Hulipi teksi ya kuingia. Utalipa moja tu, ya kwenda uwanjani.

Tuseme chumba cha Eastleigh ni Sh2,500 na teksi ya alfajiri Sh1,500. Jumla ni Sh4,000. Hoteli kubwa ya karibu na JKIA ikikutajia Sh9,000, uliza kama kodi imo. Ikiwa haimo, ongeza VAT asilimia 16 na ushuru wa utalii asilimia 2: unafika Sh10,620, na hujala. Bado kuna teksi ya kukutoa stendi mpaka huko. Dereva akipita barabara ya juu ya Expressway, ada yake ataihesabu kwako, kwa hiyo kubalianeni bei kabla ya kufunga mlango.

Gari la hoteli la kupeleka wageni uwanjani ndilo linalowavuta wengi. Uliza mambo matatu: ni la bure, linatoka saa ngapi, na linabeba mizigo mingapi? Gari linaloanza saa kumi na mbili asubuhi halimsaidii mwenye ndege ya saa moja.

Jihadhari zaidi na gesti za bei nafuu za Embakasi zinazojinadi kuwa "dakika tano kutoka uwanjani". Hakuna anayebeba masanduku kwa miguu mpaka JKIA. Teksi utaikodi tu, na nafuu uliyoiona kwenye chumba inaishia humo.

Wilson ni habari nyingine. Ndani ya uwanja kuna Aero Club of East Africa, klabu ya marubani ya tangu 1927 yenye vyumba vya kulala. Uliza bei ya asiye mwanachama. Lakini Eastleigh si mbali, kwa hiyo sioni sababu ya kulipa zaidi. Fedha hizo ziweke kwa mizigo: ndege ndogo hupima kila kilo, na ziada hulipiwa.

Kulala kando ya JKIA nakushauri kama unasafiri na mgonjwa au mzee asiyeweza kupanda ngazi, maana lojing'i nyingi za Eastleigh ni ghorofa, na lifti ikiwepo stima hupotea. Mwenye ndege ya saa tisa usiku asilipe usiku mzima popote. Aombe bei ya mchana, alale hadi saa nne usiku, aondoke.

Kabla ya kutuma pesa, piga simu uulize maji ya moto, jenereta, na saa ya kuondoka chumbani. Wengine hutoza siku nzima ukipitisha saa nne asubuhi. Tuma amana ndogo tu, uhifadhi ujumbe wa M-Pesa, na ufike na kitambulisho cha kila mtu mzima, kwani mapokezi watakidai hata usiku wa manane.