Mita Kumi za Kwanza

Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Siku mbili baadaye, wakati wengi walikuwa wamekwisha kukata tamaa, wapiga mbizi walimtoa mhandisi wa kivuko hicho akiwa hai. Alikuwa amejibanza mahali ambapo hewa ilinaswa chombo kilipogeuka.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tumewafahamu wapiga mbizi kwa namna hiyo, kwenye misiba: MV Bukoba mwaka 1996, MV Nyerere, kisha ndege ya Precision Air iliyoangukia ziwani Bukoba mwaka 2022. Kijana wa Kirumba, Mwanza, akisema anataka kujifunza kuzamia na mtungi wa hewa, nyumbani humuuliza kama anajua kina cha ziwa. Wana haki ya kuogopa, ila hofu yao imeelekezwa siko. Ziwa Victoria halina kina kikubwa kwa ukubwa wake. Penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80. Anayeanza hatafika huko. Anayeanza huumia juu, ndani ya mita 10 za kwanza, na sababu yake ni hesabu ndogo tu.

Usawa wa bahari, hewa inatukandamiza kwa kiasi kinachoitwa angahewa moja. Ukishuka mita 10 baharini, mgandamizo unakuwa angahewa mbili. Mita 20, tatu. Mita 30, nne. Sasa chukua lita 4 za hewa mapafuni ukiwa mita 30, upande hadi 20. Zitataka nafasi ya lita 5 na kidogo. Panda mita 10 nyingine kama hizo, lakini safari hii kutoka mita 10 hadi juu: lita 4 zitataka nafasi ya lita 8. Mapafu hayana nafasi hiyo. Kadiri unavyokaribia uso wa maji ndivyo hewa inavyotanuka kwa kasi.

Hapo ndipo ilipotoka kanuni ambayo kila mkufunzi huanza nayo: ukiwa na mtungi, usibane pumzi kamwe. Kwa aliyekulia ziwani hili ni gumu kuliko kwa mgeni. Vijana wanaojirusha majini kutoka kwenye mawe hubana pumzi tangu utoto na hawapati madhara ya mapafu, kwa sababu hewa waliyoivuta juu hubanwa wakishuka na kurudia ujazo wake wakipanda. Mtungi hufanya kazi tofauti. Kipumulio kinakupa hewa yenye mgandamizo uleule wa maji uliyomo, kwa hiyo mapafu hujaa kabisa hata ukiwa chini. Ukishtuka, ukaziba koo na kukimbilia juu, tishu zinaweza kupasuka na mapovu ya hewa yakaingia kwenye damu. Imeshawahi kutokea kwa watu waliopanda mita moja na kitu tu. Kwa hiyo hata kwenye bwawa la kuogelea, somo la kwanza linataka heshima yote. Pumua polepole, mfululizo, na panda taratibu: mita 9 kwa dakika ni mwendo mzuri. Kabla ya kutoka, tulia dakika tatu kwenye mita 5.

Masikio nayo yanafuata hesabu hiyohiyo. Maumivu huanza mapema, hata kabla ya mita 2. Bana pua, sukuma hewa kwa upole, na fanya hivyo kila unaposhuka kidogo, kabla sikio halijauma. Likikataa, panda kidogo ujaribu tena. Mwenye mafua abaki nchi kavu siku hiyo. Mwenye pumu, kifafa au ugonjwa wa moyo aonane na daktari kwanza, na mjamzito asubiri.

Mwanza yenyewe ina jambo ambalo vitabu vingi vya wanaoanza havilisemi, kwa kuwa viliandikwa kwa ajili ya bahari. Uso wa ziwa letu uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kama asilimia 88 ya ile ya Dar es Salaam. Matokeo yake, mzamiaji aliye mita 18 ziwani anapaswa kujihesabu kama aliye mita 20 baharini. Kompyuta ya kuzamia ya mkononi irekebishwe kwa mwinuko na kwa maji baridi (yasiyo na chumvi); majedwali ya kuzamia ya pwani yasitumike yalivyo. Maji hayo pia hayakuinui sana, hivyo mkanda wa uzito wa risasi uliokufaa Unguja upunguzwe kilo mbili hivi. Ukiuvaa vilevile utashuka haraka kuliko masikio yako yanavyoweza kuhimili.

Zaidi ya hapo kuna ukungu wa kijani. Mbolea na maji machafu vinalisha mwani, na katika Ghuba ya Mwanza upeo wa kuona ni mdogo mno. Kuna nyavu za makila na migonzo ya wavuvi iliyopotea, ambayo hutaiona mpaka ikushike. Kisu, kamba ya kushikana na mwenzako, na ushauri wa wavuvi kuhusu mamba na viboko ni lazima. Kuna pia kichocho: konokono wake hukaa kwenye majani ya ufukweni, kwa hiyo ingia majini kutoka kwenye boti, mbali na matete, na kapime wiki sita hadi nane baadaye.

Kwa hayo yote, ningemshauri kijana wa Mwanza asianzie ziwani. Ajifunze kwanza kuogelea mita 200 bila kusimama na kuelea dakika 10, vipimo ambavyo PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, huvitaka kwenye kozi ya mwanzo. Kisha aende Unguja, Pemba au Mafia, ambako maji ni maangavu na mkufunzi anamwona mwanafunzi wake. Cheti cha kwanza kinamruhusu kufika mita 18.

Kurudi nyumbani ndiko wengi wasikokuwazia. Naitrojeni iliyoingia mwilini wakati wa kuzamia hutoka polepole, na mwinuko huifanya itoke kama mapovu, yanayoweza kuleta maumivu ya viungo, ganzi hata kupooza. Wataalamu wanashauri kusubiri angalau saa 12 baada ya mzamio mmoja, na saa 18 baada ya kadhaa, kabla ya kupanda ndege. Barabara na reli zetu nazo zinapanda: treni ya umeme inakutoa usawa wa bahari hadi Dodoma, zaidi ya mita 1,100, kwa saa zisizozidi nne, na basi la Mwanza hupanda juu zaidi Singida. Subira ya ndege iwe pia ya treni na basi. Ukishafika Mwanza na unataka kuzamia, lala kwanza usiku mmoja, mwili uizoee hewa ya huku.