Sauti ya Leo katika Kisa cha Jana: Muziki na Filamu ya Vuta N'kuvute

Hudaiwa mara kwa mara kwamba filamu itokanayo na riwaya ya kihistoria haina budi kutumia muziki wa zama za kisa. Makala haya yanalipima dai hilo kwa kurejelea Vuta N'kuvute (2021), filamu ya Amil Shivji itokanayo na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Kisa ni cha Unguja ya miaka ya 1950, chini ya Waingereza. Mwajuma, rafiki yake Yasmin, ameigizwa na Siti Amina, mwimbaji wa Siti and the Band, kundi linalochanganya taarab na midundo ya kisasa.

Taarab ya miaka ile haikuwa ya kale kwa wasikilizaji wake. Ilikuwa imekwisha kupokea fidla na mahadhi ya Misri. Ilikuwa sauti ya mji unaobadilika. Mtazamaji wa leo akipigiwa santuri ya wakati ule, husikia zilipendwa. Sauti ni ileile, lakini athari yake imegeuka: uasi wa Denge na Yasmin huwa kumbukumbu tamu ya wazee.

Upya wa muziki hutegemea mahali pia. Beni, iliyozuka mwambao wa Kenya katika miaka ya 1890, ilienea hadi Tabora, kituo kikuu cha njia za misafara ambako wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wamezoea kwenda na kurudi na mambo ya pwani. Bara ilipokelewa kama jambo jipya, ilhali pwani ilikwisha kuzoeleka. Riwaya ya Shafi imekuwa kitabu teule cha kidato cha tano na sita. Mwanafunzi wa Igunga aisomapo, kurasa hazimpi sauti yoyote. Huitia mwenyewe, kwa masikio yaliyolelewa na ngoma za kwao na redio. (Shafi naye aliandika miongo minne baada ya wakati wa kisa, na Kiswahili chake hakihesabiwi kuwa dosari.)

Hata hivyo, muziki usikiwao na mtazamaji pekee ni sauti ya msimulizi, ilhali ule wausikiao wahusika ni sehemu ya maisha yao, kama ilivyo lafudhi. Wa kwanza unaweza kuwa wa leo. Lakini kinanda cha umeme, alama ya taarab ya miaka ya 1990, kikilia mbele ya Mwajuma huko Ng'ambo, huo ni uongo.