Askari wa Mwili Wamesimama Wapi?

Ukichomwa mwiba mguuni, baada ya siku mbili mahali pale pamevimba, pana joto, na huenda pakatunga usaha. Usaha huo ni mizoga ya askari wa mwili wako, yaani chembe nyeupe za damu, waliokufa wakipigana na vijidudu vilivyoingia na mwiba.

Kansa ni jambo jingine. Adui huyu hakutoka nje. Ni chembe za mwili wenyewe zilizoasi, zikazaana pasipo kiasi hata zikafanya uvimbe. Je, askari humtambua mwasi aliyezaliwa nyumbani mwao? Mara nyingi humtambua. Lakini kumtambua na kumfikia ni mambo mawili.

Mwaka 2006 Jérôme Galon na wenzake wa Paris, Ufaransa, walitoa habari za uchunguzi wao juu ya kansa ya utumbo mpana. Walichukua uvimbe uliokatwa zamani na wapasuaji, wakati ilipokwisha kujulikana ni nani aliyerudiwa na maradhi na nani hakurudiwa. Wakatazama vipande vyembamba kwa hadubini. Sasa, msomaji, kutazama tu hakutoshi: chembe hujazana kama watu siku ya gulio, nazo zafanana. Basi kipande hutiwa kingamwili iliyofungiwa rangi, ambayo hushika aina moja ya chembe na kuziacha nyingine zote.

Wakahesabu askari katikati ya uvimbe, wakahesabu tena ukingoni. Wagonjwa waliokuwa na askari wengi mahali pote pawili, mara nyingi hawakurudiwa. Waliokuwa na wachache mahali pote pawili walikuwa katika hatari kubwa, hata kama uvimbe wao ulikuwa haujaenea. Hapo ndipo penye ajabu, maana waganga walizoea kupima hatari kwa jinsi uvimbe ulivyoenea. Mwaka 2018 hesabu hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 2,600 wa nchi 13, ikathibitika.

Kwa nini askari wengine hubaki nje? Kipande cha chembe zilizokufa ni kama picha ya ukutani, hakionyeshi mwendo. Mwaka 2012 wataalamu wengine wa Paris waliweka chini ya hadubini vipande vibichi vya uvimbe wa mapafu. Wakaona askari wakitambaa upesi penye nyuzi chache, na kukwama penye nyuzi nyingi zilizosongamana kuzizunguka chembe za kansa, kama boma la miiba.

Haya si ya kutazama kwa kujifurahisha. Siku hizi kuna dawa za kuwafungua askari waliozuiwa wasipigane. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa uvumbuzi uliozizaa. Huwafaa sana wagonjwa wengine, na wengine haziwasaidii kitu. Kumfungua askari ambaye hajafika vitani kuna faida gani?

Rangi zikizidi huchanganyikana machoni. Kwa hiyo mwaka 2014 mastadi wa Zurich, Uswisi, walifunga madini badala ya rangi, wakachoma kipande nukta kwa nukta kwa mwali wa leza, wakatambua kila madini kwa uzito wake. Wakaona alama 32 katika kipande kimoja.

Hata hivyo kipande ni kipande. Uvimbe mmoja waweza kuwa na askari tele upande huu, na upande wa pili wasionekane. Aliyekatiwa mahali pamoja tu aweza kupewa jibu la nusu.