Jicho Nalo Hurithiwa

Katika nyumba zetu hapa Singida twazoea kusema: mtoto huyu ana pua ya babake, yule ana mwendo wa bibi yake mzaa mama. Lakini mtoto akishindwa kusoma ubao, nasaba husahauliwa mara moja. Hutajwa uvivu, au jicho la hasidi, au jini. Kwa miaka niliyosomesha chuoni naona nasaba ndiyo ingefaa kuulizwa kwanza.

Ipo ila ya macho ambayo matabibu huiita astigimatizimu. Mbele ya mboni pana ngozi angavu iitwayo konea, nayo yapasa kuwa na mviringo sawa kama wa mpira. Kwa baadhi ya watu imepinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, mfano wa mgongo wa kijiko. Basi nuru iingiayo haikutani mahali pamoja, na maandishi huonekana yametanda, ya mbali na ya karibu pia. Mtu mzima huumwa kichwa. Mtoto hasemi neno, maana hajapata kuona vinginevyo; hudhani watu wote waona kama aonavyo yeye.

Walimu wenzangu wa Kurani watanielewa. Herufi zetu nyingi hutofautiana kwa nukta tu: be ina moja chini, te ina mbili juu, the ina tatu. Mbele ya jicho kama hilo nukta mbili huwa doa, na tatu huwa wingu. Mtoto hukisia, na akikosea huchapwa. Ukimwona mwanafunzi ahifadhiye upesi kwa sikio lakini asomaye kwa shida, huku akifinya macho na kuinamisha kichwa upande, weka bakora chini.

Mwingereza Thomas Young aliieleza ila hii mwaka 1801, baada ya kulipima jicho lake mwenyewe. Mwaka 1825 George Airy, mtaalamu wa nyota, alijitengenezeshea kioo kilichopindwa upande mmoja ili kusawazisha jicho lake la kushoto. Miwani ya leo yafuata njia hiyo.

Ama urithi, wataalamu wamewalinganisha mapacha wa kufanana na wasiofanana, wakaona wale wa kufanana hukaribiana zaidi katika kasoro hii. Damu basi ina sehemu kubwa, ila chembe za urithi zihusikazo ni nyingi. Mwenye miwani aweza kuzaa watoto wenye macho salama, na wasio na miwani wakazaa mwenye kasoro. Baba asimlaumu mama. Mtume (s.a.w.) alipojiwa na bedui aliyetilia shaka mtoto kwa sababu ya rangi yake, alimwuliza juu ya rangi za ngamia zake, kisha akamfahamisha kwamba huenda ni mshipa wa wazee uliomvuta.

Lakini si kila kipitacho nyumbani hupita katika damu. Dodoma na Singida zimejulikana miaka mingi kwa vikope. Mama na wanawe huugua pamoja, si kwa nasaba bali kwa vijidudu vichukuliwavyo na mikono, nguo ya kufutia uso na nzi. Vikirudia mara nyingi, kope hugeukia ndani zikaikwaruza konea, na makovu huipotosha umbo lake hata mtu aone ukungu bila kurithi lolote. Kongwa, uchunguzi uliotangazwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa dawa pamoja na kuwaosha watoto nyuso hupunguza vikope vikali kuliko dawa peke yake.

Mtoto mmoja akipatikana na astigimatizimu, wapelekwe na ndugu zake wote, hata asiyelalamika, na iwe kabla ya miaka saba ikiwezekana. Jicho lililozoea ukungu utotoni hupuuzwa na ubongo, na miwani ya ukubwani huenda isilirudishie nguvu zote. Wapo wazazi wamkatazao binti miwani wakihofu hataposwa. Hofu hiyo naiona nyepesi kuliko miwani yenyewe.

Mpimaji atauliza ni nani katika ukoo avaaye miwani. Wengi hujibu hakuna, kwa kuwa wazee wetu hawakupimwa. Basi atajiwe pia shangazi aliyekuwa akiwaita watoto wamtungie uzi sindanoni tangu ujanani, na mjomba aliyeacha shule akisema herufi zinacheza.